Jumamosi Isiyo na Faida

Wiki tatu zilizopita tulimzika Mwalimu Haule kule Mapinga, nyuma ya nyumba aliyoijenga kwenye kiwanja alichokinunua zamani, wakati watu wakimcheka kwamba ananunua pori. Mwongoza ratiba, kijana wa suti nyeusi aliyekuwa na haraka kuliko marehemu, akatangaza kwamba wanafunzi wa zamani watapewa dakika mbili mbili waeleze Mwalimu aliwafundisha nini. Akasimama Kassimu, ambaye darasani alikuwa mdogo kuliko sote na sasa ana kitambi cha kuheshimika, akasimulia habari ya siku tuliyozingirwa na maji juu ya fungu la mchanga. Alisimulia vizuri, sikatai, ila alimalizia kwa kunyanyua kidole: "Michezo ya watoto ni elimu, ndugu zangu! Ile michezo ndiyo iliyotuokoa!" Watu wakapiga makofi. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Alinifundisha hesabu za sehemu. Mungu amlaze pema," nikakaa. Si kwamba nilikosa maneno. Nimekuwa mkunga miaka thelathini na mitatu, na mkunga asiye na maneno hana kazi. Ila nililotaka kulisema halikuwa la dakika mbili, tena lilikuwa linapingana na la Kassimu, na mtu hapingani na mwenzake mbele ya jeneza. Basi naliandika hapa.

Mwaka ule nilikuwa darasa la sita, nikikaa Bagamoyo kwa mama mkubwa wangu, Bi Mize. Nilipelekwa kwake kwa sababu zisizowahusu wasomaji, na mwaka ulipokwisha nikarudishwa kwa sababu hizo hizo. Mimi na binti yake Tatu, wa darasa moja nami, aliyenizidi miezi minane na kunitawala kama amenizidi miaka minane, tulilala chumba kimoja, kitanda kimoja cha kamba, karibu na ukuta wa chokaa uliotupaka unga mweupe mgongoni kila tulipougusa. Alfajiri tuliamshwa na harufu ya iliki na tui, maana Bi Mize alikuwa akipika vitumbua vya kuuza, na kitumbua cha kwanza kutoka kwenye chuma, kile kisichokaa sawa, kilikuwa chetu. Mpaka leo kitumbua kilichoumbika vizuri sikiamini sana. Chakula cha mchana kilitegemea bahari. Siku za bamvua, maji yanapokupwa mpaka mbali, Bi Mize alijifunga kanga kiunoni akachukua ndoo, kisu na fimbo ya kuchokolea pweza, nasi tukamfuata. Kazi yetu ilikuwa kubeba ndoo wakati wa kurudi. Wakati wa kwenda ndoo ilikuwa tupu na sisi hatukuwa na kazi, na humo ndimo ulimozaliwa mchezo.

Tuliuita pacha. Kila mmoja aliokota anachokipenda: kombe, komwe, kigae cha sahani chenye ua la buluu, kipande cha chupa kilicholainishwa na mchanga, kifungo cha shati. Bi Mize alipotuita, tulikaa kwanza kwenye mchanga mkavu, kila mtu akafunua pindo la gauni lake. Ukiwa na kitu, na mwenzako ana kama hicho, vyote viwili vinarudi majini. Unachokwenda nacho nyumbani ni kile tu kisicho na mwenzake. Mshindi hapewi kitu. Anaambiwa "Haya," basi. Lakini mabishano yake! Je, kifungo chenye matundu mawili ni pacha wa kifungo chenye matundu manne? Tatu aliamua kesi hizo kwa sauti ya kadhi, na ukikata rufaa alikufinya.

Dawati langu shuleni nilikaa na Sabina, mtoto pekee wa Mwalimu Haule. Walikuwa watu wa Songea, Wakristo, wamehamishiwa Bagamoyo mwaka huo huo, na mama yake alikuwa amerudi kwao kumuuguza bibi. Kwa hiyo Sabina, mwenye miaka kumi na miwili, ndiye aliyeteka maji, akapika, akampakulia baba yake, akafua, kisha akasoma. Jumamosi moja alitumwa vitumbua, akatukuta tunatoka, akatufuata. Sijui nini kilimpata kule pwani. Msichana niliyemjua kwa kuinamia daftari alishikwa na kicheko juu ya kisigino cha kiatu cha mwanamke alichokiokota Tatu, akacheka mpaka akapata kwikwi, na kwikwi ikamchekesha zaidi, na mimi nilipomtazama nikajua nimepata rafiki. Nasema hivi bila aibu: nilimpenda kuliko nilivyowapenda ndugu zangu. Jumatatu akaniambia kwa sauti ndogo, "Nimekatazwa. Nilipofika mlangoni baba kaniuliza nimejifunza nini, nikakosa la kujibu." Ndivyo Mwalimu alivyokuwa. Mtoto akitoka kanisani, sokoni, hata msibani, swali lilikuwa hilo hilo: umejifunza nini? "Kasema niende pale tu itakapokuwa na faida."

"Faida?" akauliza Tatu. "Kwani tunauza?"

Hapa ndipo nilipotenda kosa langu. Nilimsubiri Mwalimu chini ya veranda ya ofisi, nikamwamkia, nikamwambia ule mchezo wetu ni wa sayansi. Nilisema tunajifunza viumbe vya baharini, tunavilinganisha, tunajua kipi ni jamii ya kipi. Sikuwa mtoto mwongo, lakini siku hiyo uongo ulinitoka kwa mpangilio mzuri hata mimi nikashangaa. Uso wa Mwalimu ukafunguka. "Mbona Sabina hakunieleza hivyo?" akasema. Jumamosi ya bamvua iliyofuata Sabina akaja. Akaja na daftari lililopigwa mistari kwa rula: jina, umbo, matumizi, nimejifunza nini. Akaja pia na agizo la kurudi na vielelezo kumi, kwa hiyo hakuweza kukirudisha kitu majini hata kikiwa na pacha watatu. Alikaa juu ya jiwe akiandika, sisi tukimngoja, na kila tulipomaliza kumngoja Bi Mize alikuwa ameshaita. Jumamosi nne za bamvua zilikwenda hivyo. Sabina hakucheka hata mara moja. Nilikuwa nimempata pwani na kumpoteza hapo hapo, na wa kulaumiwa ni mimi.

Mwalimu naye hakuishia kwa mwanawe. Alitengeneza kisanduku cha mbao chenye vyumba vidogo vidogo, kila kombe na karatasi yake, akaamua kulipeleka darasa zima, watoto thelathini na wanane, wakasomee pwani. Alikuja nyumbani siku moja kabla kumwalika Bi Mize. Nilikuwa nachambua mchele uani, nikasikia yote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu. Mmesema mnakwenda saa ngapi?"

"Tutafika kule saa sita."

"Kesho bamvua, baba. Saa nne maji yako mbali. Saa sita yameshageuka, na yakigeuka yanakuja mbio. Nendeni asubuhi."

"Asubuhi kuna usafi wa shule. Ratiba imeshapangwa."

"Mmeipanga na nani?" akauliza Bi Mize.

Mwalimu akacheka kwa adabu, akidhani ni utani. Mtu wa bara si mjinga. Ni kwamba alizoea mambo yanayongoja kengele. Ubaoni kwetu aliandika kila Jumatatu kwa mwandiko wa kupendeza kwamba elimu ni bahari, na hiyo bahari yenyewe alikuwa hajawahi kuitia mguu.

Fungu lile la mchanga ukilitazama ukiwa nchi kavu utadhani limeungana na ufuo. Kati yake na ufuo kuna mkondo, na maji yanaporudi huingia kwenye mkondo kwanza, kimya kimya, wakati mbele kabisa bahari bado inaonekana imetulia. Mwalimu alituvusha mchanga ukiwa na unyevu tu. Akatukalisha kwa mistari juu ya fungu, tukiipa bahari mgongo ili isituvuruge, yeye akasimama mbele yetu akiitazama. Alieleza viumbe wasio na uti wa mgongo. Alieleza vizuri, maana alikuwa mwalimu hodari. Nyuma yake mimi niliuona mkondo unang'aa, kisha ukapanuka. Nikanyoosha mkono. "Maswali mwishoni, Mwanaidi." Nikaushusha. Tatu akanifinya; naye alikuwa ameona, na wenzetu wa pwani walikuwa wameona, lakini hakuna aliyethubutu, kwa kuwa sheria ya darasa lile ilikuwa moja na fimbo yake ilikuwa moja. Nikanyoosha tena. "Nimesema mwishoni." Maji yalikuwa yameshafunika lile jiwe ambalo Sabina hukaa akiandika. Hapo nikasimama bila ruhusa, nikamshika Sabina mkono, nikaanza kutembea. Nakiri kwamba bado nilikuwa naogopa fimbo kuliko maji. "Mwanaidi! Kaa chini!" Nikanyoosha kidole tu. Mwalimu akageuka.

Aliutazama mkondo. Kisha akasema, kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, "Tupite wapi?" Akatuuliza sisi. Tatu akapaza sauti tusikate moja kwa moja, tushike upande wa mawe, maana huko chini ni kugumu. Tulikujua kwa sababu vipande vizuri vya chupa hujikusanya huko. Tukashikana mikono, Tatu mbele. Maji yalinifika kiunoni, halafu mbavuni. Kassimu akaanza kuelea kama kifuu. Mwalimu alikuwa amekumbatia kile kisanduku. Akakiachia, akambeba Kassimu mabegani, na mkono wake mwingine akauweka begani kwangu. Hakujua kuogelea. Vidole vyake vilinibana bega, na nikaelewa kwamba mtu mzima anayeogopa bado anaweza kuendelea kutembea. Tulipofika nchi kavu akatuhesabu. Thelathini na wanane. Akahesabu tena, na tena mara ya tatu akimgusa kila mtoto kichwani.

Kassimu hadithi yake inaishia hapo, na ndiyo maana inapata makofi. Mimi naikumbuka zaidi alasiri ya siku ile ile. Mwalimu alikuja nyumbani amevaa shati kavu, akakaribishwa kiti cha ukumbini, na Bi Mize akamtilia chai ya tangawizi na kumwekea vitumbua viwili kwenye kisahani. Mimi na Tatu tulikuwa nyuma ya pazia la chumbani. Nilikuwa na hakika Sabina ndiyo basi, hatamwachia tena aje hata uani kwetu.

"Mama, nimekuja kuomba radhi," akasema. "Ulinionya."

"Nimekuradhi. Watoto wote wako makwao, Alhamdulillahi."

"Na nimejifunza jambo. Hawa wasichana wamejua njia ya maji kwa kucheza tu. Kumbe mchezo wao ni elimu kubwa. Nataka niuweke kwenye ratiba, kila darasa, kila Jumamosi ya bamvua. Safari hii tutakuuliza saa."

Nilisikia kijiko kikizunguka kikombeni.

"Mwalimu, mimi nikienda pwani natafuta mboga. Hawa wanakwenda kucheza. Hiyo njia imewaingia miguuni wenyewe hawana habari. Sasa nikuulize: na kama wasingeijua? Kama leo msingezingirwa na maji, ule mchezo wao ungekuwa na ubaya gani?"

"Usingekuwa na ubaya. Lakini usingekuwa na..."

"Faida," akamalizia Bi Mize. "Sasa mtoto akicheka, hiyo wewe unaiandika kwenye mstari gani?"

Sijui nilipata wapi moyo. Labda kwa kuwa nilishasimama mara moja bila ruhusa siku ile na sikufa. Nilitoka nyuma ya pazia, Tatu akinivuta gauni, nikasimama mbele ya Mwalimu. "Shikamoo, Mwalimu. Nilikudanganya. Mchezo wetu si wa sayansi. Nilisema vile ili Sabina aruhusiwe."

"Kwa hiyo hauna faida?"

"Hauna, Mwalimu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akanitazama. Nilijua fimbo ya Jumatatu imeshapata mwenyewe. "Sasa mnaupendea nini?" akauliza, na haikuwa sauti ya darasani, alikuwa anauliza kweli. Nikasema lililokuja: "Sabina alipokuja mara ya kwanza alicheka mpaka akashikwa na kwikwi."

"Sabina?" Alilitamka jina hilo kana kwamba nimetaja mtoto wa jirani. "Sabina wangu?" Akakitazama kikombe chake. "Mimi sijawahi kumsikia akicheka hivyo." Bi Mize akamwongezea chai. Mwishowe Mwalimu akauliza, "Jumamosi ijayo maji yatakuwaje, mama?"

"Ijayo maji mafu, hayatoki. Ile ya pili yake ni bamvua."

"Basi ile ya pili yake," akasema. Akaondoka bila kumaliza kitumbua, nasi tukakimaliza.

Sabina akaja, mikono mitupu, bila daftari. Tangu siku hiyo mpaka shule zilipofungwa mwezi wa kumi na mbili, bamvua haikupita bila yeye. Sikumbuki hata kitu kimoja tulichojifunza. Nakumbuka kwamba Tatu alihukumu meno mawili ya kitana kuwa si pacha kwa sababu moja limechoka. Nakumbuka Sabina akimfundisha Bi Mize kupika likolo, mboga ya mlenda, kama kwao, na Bi Mize akilila kwa heshima na kwa shida. Mara moja Mwalimu mwenyewe alitufuata, suruali ameikunja, miguu yake myeupe kwa kukaa ndani ya viatu, akaokota kombe moja, akafungua kinywa kututajia jina lake, kisha akakifunga. Kombe lake lilikuwa na pacha kwa Tatu. Akalitupa majini bila kukata rufaa. Mwaka ulipokwisha alihamishwa, mimi nikarudishwa kwetu, na mimi na Sabina tulilia hadharani kama wafiwa. Barua zikaja mbili tatu, kisha maisha yakatumeza kila mmoja kwake.

Ndiyo maana makofi ya Kassimu yaliniudhi. Ukisema mchezo ni mzuri kwa kuwa ulituokoa, umemrudisha Sabina juu ya jiwe na daftari lake. Kuna watoto wengi waliocheza pacha na maji hayakuwahi kuwazingira, na Jumamosi zao hazikuwa hasara. Haya nayasema leo kwa mdomo mpana, lakini nilipokuwa na watoto wangu sikuwa bora kuliko Mwalimu. Nilinunua vitabu vya wanyama kabla ya kuwapeleka mbugani Saadani, na ndani ya gari nikawauliza maswali mpaka mdogo akatapika. Nashukuru walinisamehe. Nashukuru zaidi kwamba kuna mwaka mmoja wa maisha yangu ambao hakuna mtu aliyeutilia maswali, na ninapochoka na dunia huko ndiko ninakokwenda kukaa.

Msibani nilimkuta Sabina uani kwa wapishi, kitambaa cheupe kichwani, anamenya vitunguu saumu kwa sababu hakuweza kukaa bila kazi. Nywele zimekuwa nyeupe kuliko zangu. Tulishikana, tukalia, tukaachana, tukashikana tena, halafu nikakaa kwenye kigoda tukamenya pamoja. Nikamwambia kilichoniudhi. Akatabasamu. "Kassimu alikuwa juu ya mabega," akasema. "Ameona maji tu." Kisha akaniuliza kama nilishawahi kujua kilichotokea ile Jumamosi ya kwanza alipokuja bila daftari, aliporudi nyumbani. Nikasema sijui, sisi tuliishia kumsindikiza mpaka kwenye mwembe wa shule.

"Nilikuwa nimechelewa," akasema Sabina, "na gauni limelowa. Njia nzima natunga jibu. Nikaamua nitasema nimejifunza kwamba kaa anatembea upande. Nilimkuta amesimama mlangoni, pale pale anaposimama siku zote, nikaanza, 'Baba, leo nimejifunza...' Akanikatiza. Akasema, 'Nawa mikono.' Nikaingia ndani, Mwanaidi, nikakuta ugali mezani. Alikuwa amepika mwenyewe. Mabonge matupu, na mchicha hauna chumvi. Mimi ndiye niliyempakulia kila siku tangu mama aondoke. Siku ile akanivutia kiti, akanipakulia yeye. Akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza, na hakuniuliza kitu."